Siku Sitini

Siku ya kumi na moja baada ya mazishi
barua ya mahakama ilikuwa sandukuni.
Gunnvor aliisoma amesimama, buti zingali miguuni,
theluji ikiyeyukia zulia la Ragna.

Zulia la Ragna. Sahani za Ragna.
Ndoana ya makoti iliyopindwa na koti la Ragna.
Miaka ishirini na sita amelala upande wa ukutani
katika nyumba ya marehemu asiyemjua,
na sasa marehemu wamekuwa wawili.

Barua yasema mjane anaweza kukaa,
nyumba isiuzwe, mali isigawanywe,
ilimradi watoto wa mke wa kwanza waridhie.
Saini mbili. Siku sitini tangu kifo.

Mgeni siku mbili; ya tatu yeye alipewa koleo,
akaondoa theluji ya majira ishirini na sita
kutoka ngazini hadi barabarani.
Theluji hiyo nani aliipima?
Daftari gani la serikali limeandika
kwamba paa halikuanguka kwa kuwa mtu fulani alilipanda usiku?

Hapa Narvik treni za madini hushuka kutoka Kiruna
na vikombe hugongana kabatini.
Wanasalimia hao, Eilif alikuwa akisema.
Siku hizi vinalia ki-ki-ki tu,
kama meno ya mtu aliyesahaulika nje.

Jumamosi alikuja Ingebjørg.
Hakuvua koti.
Aliitazama dari kwa jicho la dalali,
kisha akaona haya, akatazama viatu vyake.

Naye ana lake.
Ndani ya mbao hizi mna mshahara wa mama yake,
minofu ya samaki aliyoikata kiwandani, vidole vimekufa ganzi,
benki ikilipwa mwezi baada ya mwezi
hata mwezi ule alipotoka hospitali na kitambaa kichwani.

"Nikitia saini," alisema,
"nitamrithi baba siku ya kukuzika wewe.
Unataka nikae nikihesabu umri wako?"

Gunnvor akamimina kahawa.
"Nina sabini na mbili. Mama yangu alifika tisini na nane.
Hesabu vizuri."

Kicheko kikawaponyoka wote wawili,
kisha kila mmoja akakitafuta kijiko chake.

Ingebjørg akaenda stoo kutafuta sukari
na hakurudi.
Gunnvor alimkuta ameinama kwenye fremu ya mlango,
kidole juu ya mistari:
kwa penseli, mwandiko wa Ragna,
miaka mitano, sita, saba, nane, tisa.
Halafu mbao tupu, upana wa kiganja na nusu,
mtoto akirefuka na hakuna wa kumpima.
Halafu kalamu ya buluu: kumi na mbili. Kumi na tatu.
"Nilikuchukia siku hii," akasema, akigusa kumi na tatu.
"Najua. Ulisimama kwa ncha za vidole.
Huo mstari ni wa uongo."

Alitia saini juu ya friji, bado na koti lake,
kwa kalamu ya kununulia vitu dukani.
Hakumkumbatia. Aliichukua ile sahani moja ya samawati
yenye ufa, bila kuomba, akaenda zake.

Tormod yuko Stavanger, au yuko baharini
kwenye mtambo wa mafuta; simu yake inaita, inaita.
Aliwahi kujibu kwa ujumbe: Ninafikiria.
Ana deni la nyumba, na pacha wachanga.
Gunnvor hamlaumu. Anamlaumu kidogo, usiku.

Karatasi iko mezani chini ya chupa ya chumvi,
jina moja, na chini yake mstari mtupu.

Siku ya arobaini na moja theluji ilianguka hadi alfajiri.
Alisimama kizingitini, koleo mkononi,
akijiuliza anafyeka njia ya nani.
Treni ikapita. Vikombe vikasema vyao.
Akaanza, kama kawaida, na ngazi ya juu.